Jamani, acheni kumcheka aliyekatwa tumbo!

Huku Joburg Juni imeingia na baridi yake, asubuhi majani yote meupe kwa umande ulioganda, nami nimekaa karibu na hita naandika nikiwa na hasira. Safari hii hakuna picha za nyama choma ya Jumapili wala stori za Soweto. Leo nina ugomvi na ninyi ninaowapenda: mashangazi, mawifi, mabinamu na mashosti wote mnaopita hapa kunisoma. Someni mpaka mwisho kabla hamjanipigia simu.

Ugomvi wenyewe ni huu. Kila mtu wa kwetu anapokuja huku Sauzi akiwa bonge na kurudi amepungua, simu yangu haipumziki. "Eti amekatwa tumbo?" "Eti wamemtoa utumbo wote?" "Au ndiyo ule ugonjwa?" Halafu vicheko. Halafu hukumu: "Mvivu tu huyo, si angefanya mazoezi!" Mimi nasema hivi, na naandika kwa herufi kubwa ili hata aliyesahau miwani asome: KICHEKO CHENU KINAUMIZA WATU KULIKO KISU CHA DAKTARI. Sasa nieleze kwa nini.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini, maana wengi wenu mnacheka kitu msichokijua. Tumbo la mtu mzima, yaani ule mfuko unaopokea chakula, linabeba lita moja na zaidi. Katika upasuaji huu daktari anatenga sehemu ndogo sana ya juu, kifuko cha kama mililita 30, kiasi cha yai dogo. Tumbo kubwa lililobaki halitolewi, linafungwa na kuachwa palepale. Kisha anaukata utumbo mwembamba, upande mmoja anaupandisha juu na kuushona kwenye kile kifuko. Chakula sasa kinashuka moja kwa moja kwenye utumbo bila kupita tumbo kubwa. Upande wa pili, unaobeba nyongo na maji ya kongosho, unaunganishwa huko chini zaidi, na ukichora unapata herufi Y. Ni kama barabara ya mchepuko inayopitisha malori nje ya mji. (Mchepuko wa barabara jamani, siyo ile michepuko yenu!) Siku hizi kazi yote hufanywa kwa matundu madogo na kamera, na wengi wanatoka hospitali baada ya siku chache.

Kwa hiyo hakuna aliyetolewa utumbo. Utumbo wote upo, ila njia imebadilishwa.

Wala si uchawi wa juzi. Kuunganisha tumbo na utumbo mwembamba kulifanywa Vienna mwaka 1881 na daktari Anton Wölfler, kwa mgonjwa ambaye saratani ilikuwa imeziba mlango wa kutokea chakula. Kwa miaka mingi iliyofuata ukawa mshono wa watu wenye vidonda vya tumbo. Huko Iowa, Marekani, daktari Edward Mason akaona kwamba wagonjwa wa vidonda waliopunguzwa tumbo walikuwa hawanenepi kirahisi. Mwaka 1966 yeye na mwenzake Chikashi Ito wakaanza kuitumia njia hiyo kwa watu wanene kupindukia. Taarifa yao ilichapishwa 1967, mwaka uleule ambao Christiaan Barnard alipandikiza moyo kule Cape Town na dunia nzima ikashangilia. Wa moyo mlimpigia makofi. Wa tumbo mnamcheka.

Sasa watu wa Mwanza nisikilizeni vizuri. Mshono huu mnaujua, na mmeishi nao nyumbani. Mtu akikaa na vidonda vya tumbo miaka mingi, kidonda kinaacha kovu, kovu linaziba mlango wa tumbo, mgonjwa anatapika mpaka chakula cha jana. Bugando na hospitali nyingine za rufaa, madaktari wetu wenyewe huwaunganisha wagonjwa wa namna hiyo tumbo na utumbo mwembamba ili chakula kipate njia. Siku hizi upasuaji wa vidonda umepungua kwa sababu mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren wa Australia waligundua kuwa kuna bakteria anayeleta vidonda hivyo, wakapewa Nobel mwaka 2005, na sasa wengi wanapona kwa vidonge. Lakini wazee waliopasuliwa zamani wapo, na kila ukoo unaye mmoja.

Babu huyo aliposhonwa, mlifanya nini? Mlimpikia uji na mtori. Mlimtengea bakuli dogo, mkawafukuza watoto wasimsumbue. Akila kidogo na kusema ameshiba, hakuna aliyenuna. Hakuna aliyemwita mvivu, wala aliyemwambia angevumilia tu kidonda chake. Leo mjukuu wake ana kilo 130, ana sukari, ana presha, magoti yamegoma, usiku akilala pumzi inakatika. Anashonwa mshono ambao ni ndugu kabisa na ule wa babu. Mnasema amedanganya, amepita njia ya mkato. Mnataka kuniambia tumbo la babu lilistahili huruma na la mjukuu linastahili kejeli?

Najua mtakachojibu. "Babu alikuwa mgonjwa, huyu ni mlafi." Hapo ndipo tunapogombana hasa. Mwili wa binadamu una ukaidi wake. Ukijinyima chakula ukapungua, homoni za njaa zinapanda, mwili unaanza kubana matumizi, unakuvuta urudi ulikotoka. Ndiyo maana mmemwona yule jirani aliyepungua kwa Kwaresima au kwa mazoezi ya asubuhi, na baada ya mwaka karudi na nyongeza. Wasweden walifuatilia watu zaidi ya 4,000 wanene kupindukia kuanzia mwaka 1987. Nusu walifanyiwa upasuaji wa tumbo wa aina mbalimbali, baipasi ikiwa mojawapo, na nusu walipata matibabu ya kawaida. Taarifa ya 2007 ikaonyesha wale wa kawaida, kwa wastani, uzito wao haukusogea hata baada ya miaka 15. Waliopasuliwa walipungua, na waliokufa miongoni mwao walikuwa wachache zaidi. Naye Walter Pories wa North Carolina aliandika mwaka 1995 kwamba wengi wa wagonjwa wake wenye kisukari cha ukubwani, sukari yao ilirudi sawa baada ya baipasi, tena mapema, hata kabla uzito haujashuka sana. Njia mpya ya chakula inabadilisha homoni za utumbo, na ubongo unaacha kupiga kelele za njaa. Mvivu gani huyo anayetibika sukari?

Na ulafi peke yake haujazi nchi nzima watu wanene. Huku Sauzi utafiti wa kitaifa wa 2016 ulikuta wanawake 68 katika kila 100 wana uzito uliozidi, na wanaume 31. Je, wanawake wote hao ni wavivu? Hao ndio wanaoamka saa kumi usiku wapande teksi ya Soweto kwenda kufagia nyumba za Sandton! Tatizo ni chakula cha bei rahisi: mkate uliojazwa chipsi na soseji, magwinya, soda ya lita mbili. Serikali ya huku iliona, ikaweka kodi ya vinywaji vya sukari mwezi Aprili 2018. Nanyi msijione mmesalimika. Utafiti wa afya wa Tanzania wa 2015-16 ulikuta wanawake 28 katika kila 100 wamezidi uzito. Kitambi tulichokiita cha heshima sasa kinatupeleka kliniki ya sukari.

Sasa nije kwenye sababu ya hasira yangu.

Kuna dada mmoja wa nyumbani, ameniruhusu niandike mradi nisitaje jina wala mtaa. Alikuja huku, akafanyiwa baipasi, ikaenda vizuri. Kwao aliaga anakwenda kwenye semina. Alirudi na bahasha ya maelekezo, akaificha chini ya sanduku. Mwezi wa pili akaanza kutapika. Akatapika wiki ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano. Alipoulizwa akasema ni malaria. Kituo cha afya wakampa dawa ya malaria, wakampa na ya taifodi, na kwa kuwa halii chochote wakamtundikia dripu ya glukosi. Wasingeweza kujua, hakuna aliyewaambia. Miguu ikaanza ganzi, ikaishiwa nguvu. Akaanza kuona vitu viwili viwili, akaanza kuchanganya majina ya wanawe. Nyumbani wakagawanyika: wengine karogwa, wengine "ule ugonjwa", wengine wakamwita mchungaji.

Mdogo wake akipanga nguo ndiyo akaikuta ile bahasha, akanipigia mimi kwa kuwa ndiye mtu wa Joburg anayemjua. Nikamwambia mpeleke hospitali kubwa sasa hivi, na bahasha yake mkononi. Daktari aliyeisoma hakupoteza muda. Mtu mwenye tumbo lililounganishwa hivi akitapika wiki nyingi, vitamini B1 inaisha mwilini, na ikiisha ubongo na mishipa ya fahamu inaharibika. Tena ukimpa glukosi bila kumpa B1 kwanza unaweza kumzidishia. Alichomwa B1 usiku uleule. Akili imerudi, macho yamerudi. Miguu haijarudi yote, mwaka umepita bado anatembelea fimbo.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu: "Niliogopa mdomo wa mawifi kuliko nilivyoogopa kufa."

Hebu rudieni kuisoma sentensi hiyo. Mimi pia ni wifi wa watu, imenichoma.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sawa. Lakini wahenga walisahau kuuliza nani aliyemfanya afiche. Katika hospitali zenye uzoefu, utafiti mkubwa wa Marekani wa 2009 ulikuta waliokufa ndani ya siku 30 baada ya upasuaji wa namna hii ni watatu katika kila elfu. Hatari ipo, sitaificha, lakini ni ndogo kuliko wengi wenu mnavyodhani. Anayefanyiwa huku ana daktari, ana mtaalamu wa chakula, ana namba ya kupiga usiku. Akishapanda ndege pale O.R. Tambo, saa tatu na nusu baadaye yuko Dar na siri yake. Hapo ndipo hatari nyingine inapoanza.

Hebu oneni siri inavyofanya kazi:

Moja, dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni zinauzwa kila duka la dawa kama pipi. Kwa mwenye baipasi zinaweza kumtoboa kidonda palepale kwenye mshono. Shangazi anampa mbili kwa upendo, hajui.

Mbili, maumivu ya tumbo. Baada ya kupungua, ndani hubaki nafasi ambamo utumbo unaweza kupenya na kujinyonga, hata miaka kadhaa baadaye. Hiyo ni dharura ya kupasuliwa haraka. Daktari asiyejua atasema gesi, atasema minyoo.

Tatu, sukari. Akinywa soda au chai yenye vijiko vinne, sukari inaingia kwenye utumbo kwa kishindo: jasho, moyo mbio, kizunguzungu, kuhara. Ninyi mnasema anaringa, amekataa chai yetu.

Nne, mimba. Uzito ukishuka, dada aliyehangaika miaka mingi anaweza kushika mimba haraka kuliko alivyotegemea. Anashauriwa asubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na akibeba apimwe damu kwa karibu. Mkunga asipojua, anakosa madini ya chuma na vitamini yeye na mtoto.

Tano, vidonge vya maisha. Vitamini, B12, chuma, kalsiamu, na kupima damu kila mwaka mpaka kufa. Mtu anayemeza vidonge kila siku kwa kujificha, mkishamuona mnasema mnajua anameza nini. Basi anaacha. Baada ya miaka miwili mitatu damu imekwisha, ganzi imeingia.

Hakuna hata moja kati ya hayo matano linalohitaji mashine ya Joburg. Yanahitaji watu wa nyumbani wajue, na mtu aweze kusema bila kuzomewa.

Mwingine atasema hii ni anasa ya wenye pesa. Hapo kidogo nakubaliana naye. Hospitali binafsi huku bei ni zaidi ya randi laki moja, na wenye bima za afya binafsi hawafiki hata watu 20 katika kila 100. Kwenye hospitali za serikali upasuaji huu unafanywa kwa uchache sana. Mama wa Soweto mwenye sukari atakwenda Baragwanath kutibiwa vidonda vya miguu, baipasi ataisikia redioni. Hiyo ni dhuluma na tuisemee. Lakini dhuluma hiyo haimhusu dada aliyeuza kiwanja chake ajitibu. Mbona mtu akiuza kiwanja kwenda India kutibiwa moyo tunamchangia?

Nanyi mnaopanga kuja huku kimyakimya, msidhani nimewasahau. Maradona alifanyiwa baipasi Colombia mwaka 2005 na dunia nzima ikajua, tena hakupungukiwa jina. Wewe siyo lazima utangaze mtaani. Lakini mwambie mtu mmoja unayelala naye nyumba moja. Mwambie daktari wa kwenu kabla hujasafiri, siyo baada ya kuugua. Rudi na barua inayoeleza umefanyiwa nini, na weka kwenye pochi karatasi yenye maneno haya: nina baipasi ya tumbo, nikitapika sana nipeni B1 kabla ya glukosi, msinipe diklofenaki, msinipitishe mpira puani bila kumuuliza daktari wa upasuaji. Na kama hesabu yako inaishia kwenye tiketi na kisu, haina vidonge wala vipimo vya kila mwaka, basi hujawa tayari. Usije kwanza.

Msidhani pia hili ni la Sauzi tu. Miaka hii ya 2020 Mloganzila kwetu imeanza kuweka puto tumboni kusaidia watu kupungua, ambayo ni kitu kingine, haikati wala haihamishi njia. Na kuna hizi sindano mpya za kupunguza uzito, ambazo zinafanana na homoni zilezile za utumbo. Watu wameanza kuzichoma kwa siri pia, bila daktari. Kila njia mpya inakuta ulimi wetu uko palepale.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Mkimwona aliyepungua, msiulize amekatwa wapi wala ana ugonjwa gani. Ulizeni kama anajisikia vizuri, mkomee hapo. Akila vijiko vitano akasema ameshiba, ondoeni sahani. Akitapika siku tatu mfululizo, mpelekeni hospitali, na mumuulize faraghani, kwa upole, kama kuna kitu daktari anapaswa kujua. Na yule wifi anayejijua aliongea sana mwaka jana, namsubiri kwenye simu Jumamosi jioni. Nitapokea, na nitamwambia haya haya.

Nawapenda, ndiyo maana nimewagombeza. Msalimieni mama, mwambieni vitenge vyake nimevipata.